Bomba la Pamoja la Majitaka ni la Nani? Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana Jijini Nairobi

Kwa uongozi wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, kwa wawakilishi wadi, na kwa wote waliokabidhiwa usimamizi na udhibiti wa huduma ya majitaka jijini.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu kipande kifupi cha bomba. Simaanishi mabomba makuu yanayofuata kingo za Mto Nairobi na Mto Ngong hadi kwenye mitambo ya kusafishia, kwa maana hayo yana wenyewe na hutengewa fedha. Wala simaanishi mabomba ya chooni na jikoni, ambayo kila mwenye nyumba anajua kwamba yakivuja ni juu yake. Ninachozungumzia ni bomba linalotoka kwenye manholi (shimo la ukaguzi lenye kifuniko) ya mwisho ya ploti, likapenya chini ya ukuta, likapita nyuma ya nyumba za majirani huku likikusanya maji ya kila mmoja wao, kisha likaungana na bomba la mtaa barabarani. Likiwa zima hakuna anayelikumbuka, na likiziba hakuna anayekubali kwamba ni lake. Ombi la barua hii ni kwamba itamkwe kisheria bomba hilo ni la nani, na huyo atakayetajwa apewe wajibu, fedha na vifaa vya kulitunza.

Mtaani pana kanuni ambayo kila mtu huikariri: ndani ya ploti ni kazi ya mwenye nyumba, nje ya ploti ni kazi ya wenye majitaka. Kanuni hiyo inatosha pale ambapo nyumba inatazama barabara na bomba lake linakwenda moja kwa moja hadi kwenye bomba la mtaa. Katika sehemu kubwa ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa jiji, mambo hayakupangwa hivyo. Umoja ilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka hiyo hiyo. Dandora ilianzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975, mwenye ploti akikabidhiwa choo na bafu vilivyokwisha kuunganishwa na bomba la majitaka, ili vyumba vilivyobaki ajijengee mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Katika mitaa ya makazi yaliyobanana namna hii, njia rahisi ya kuokoa gharama ni kulipitisha bomba kati ya safu mbili za nyumba zilizopeana migongo, ili bomba moja lihudumie pande zote mbili. Wakati wa ujenzi swali la mmiliki halikuzuka, kwa sababu aliyesimamia nyumba ndiye aliyesimamia mabomba. Baadaye nyumba zikaingia mikononi mwa watu binafsi, moja moja. Hatimiliki inamwonyesha mtu kipande chake cha ardhi na bikoni zake za mpaka. Haimwonyeshi bomba linalopita chini ya ua wake likibeba maji ya watu asiowajua. Mnunuzi alinunua vyumba, ukuta na lango. Bomba la nyuma halikuuzwa kwa mtu, na wala hakuna aliyetia sahihi kwamba amelichukua.

Mmiliki wa mabomba ya umma naye amebadilika mara kadhaa katika kipindi hicho. Kwa miaka mingi maji na majitaka yalikuwa chini ya idara ya Baraza la Jiji. Sheria ya Maji ya 2002 ikatenganisha mwenye mali na mtoa huduma: mali ikawekwa chini ya Bodi ya Huduma za Maji ya Athi, na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi, iliyoundwa 2003, ikapewa kazi ya kuhudumia wakazi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaziweka huduma za maji na usafi wa mazingira mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 ikazigeuza zile bodi za zamani kuwa mashirika ya ujenzi wa miradi mikubwa, ambayo yakimaliza kazi yanapaswa kuikabidhi. Februari 2020 majukumu kadhaa ya kaunti yakahamishiwa serikali kuu, ikaundwa idara ya huduma za jiji tuliyoizoea kwa jina la NMS, na mwaka 2022 majukumu hayo yakarejea yalikotoka. Nataja mfululizo huu kwa sababu mwananchi mwenye bomba lililoziba huukuta kaunta, katika neno moja ambalo amekwisha kulizoea: “hatujakabidhiwa”. Inawezekana kabisa kwamba kila anayelitamka anasema kweli.

Niruhusuni niwaonyeshe jinsi hali ilivyo nyuma ya nyumba zetu. Ardhi ya mtaa wetu inashuka kidogo kuelekea mtoni, na bomba linafuata mteremko huo. Likiziba upande wa chini, maji ya nyumba za juu hayasimami, kwa kuwa watu wanaendelea kuoga, kufua na kuvuta maji chooni. Yanajaa kwenye bomba hadi yapate tundu lililo chini kuliko mengine yote, ambalo kwa kawaida ni kile kitundu cha sakafuni katika bafu ya nyumba ya mwisho. Kwa hiyo anayeathirika siye aliyesababisha, na aliyesababisha hana habari. Mama wa nyumba ya mwisho akipanda juu kuwaomba majirani wapunguze maji, hujibiwa kwa heshima kwamba kwao hakuna tatizo, na ni kweli kwao hakuna.

Huitwa kijana fundi. Anafunua kifuniko kwa mtaimbo, anasogea kando kidogo ili ile hewa ya kwanza itoke, anaunganisha fito zake za kuzibulia moja baada ya nyingine, kisha anazisukuma huku akizizungusha mpaka ahisi zimekwama. Safari moja kilichotoka kilikuwa mguu wa suruali ya jinzi, umesokotana na nywele za kusuka, nepi za mtoto, na steel-wool ya kusugulia sufuria, vyote vimegandishwa pamoja na mafuta ya kupikia yaliyokuwa yamegeuka meupe na magumu. Majirani walisimama kukitazama kitu hicho kwa muda mrefu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba hakikutoka kwake.

Kijana huyo hakuwa na glavu wala kamba ya usalama, na palipokuwa na kina aliingia hadi mabegani. Ndani ya manholi hutanda hewa ya haidrojeni salfaidi, ambayo ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, na ikizidi hulemaza uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani hatari imepita wakati ndipo imefika. Kifo shimoni huja kwa dakika chache, na mara nyingi huwachukua wawili, kwa kuwa wa pili huruka kumwokoa wa kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Lakini mwajiri wa kijana yule ni nani, ikiwa bomba analolizibua halina mwenyewe? Je, ni mama wa nyumba ya mwisho aliyempigia simu, au ni kikundi cha WhatsApp kilichochanga? Hili ndilo jambo linalonisumbua kuliko harufu na kuliko gharama, na nashangaa kwamba hutajwa mara chache sana tunapozungumzia majitaka.

Kuhusu gharama, utaratibu wetu ni wa kuchanga. Ujumbe hutumwa kikundini, nambari ya M-Pesa hutolewa, na hesabu huanza. Wenye nyumba wanaoishi humo humo hutoa. Wapangaji, ambao ndio wengi katika jiji hili, huuliza kwa haki kwa nini walipie bomba lisilo lao katika nyumba isiyo yao, hali kodi wanalipa na bili ya maji wanalipa. Landilodi aliye mbali hupokea simu akasema atamtuma mtu. Bili yenyewe ina mstari wa majitaka, na kiasi chake hukokotolewa kwa kufuata maji yaliyopita kwenye mita. Ikiwa mwananchi anatozwa kwa kila tone linaloingia nyumbani kwake kwa msingi kwamba litatoka kama majitaka, ni halali aulize huduma anayoilipia inaanzia hatua gani ya safari ya hilo tone. Akiambiwa inaanzia barabarani, basi aonyeshwe maandishi. Akiambiwa inaanzia kwenye ukuta wake, basi fito za kuzibulia zije na mtu aliyevaa sare na buti.

Tulipolipeleka jambo hili mbele, afisi ya kwanza ilitueleza kwamba bomba ni la binafsi kwa sababu limo ndani ya eneo la makazi. Ya pili ilisema ni la umma kwa sababu linahudumia nyumba nyingi. Zote mbili zilitupokea vizuri, na kila moja ilikuwa na hoja inayoeleweka. Ya tatu ilimtuma afisa na ilani ya kuondoa kero kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, naye akaibandika pale alipoona maji yanatoka, yaani kwenye lango la nyumba ya mwisho. Sheria hiyo inamruhusu afisa wa afya kumwandikia mwenye jengo au anayelikalia, na palipokosekana mwenye bomba, ilani hutua kwenye mlango ulio karibu. Matokeo yake, mtu aliyefurikiwa na kinyesi cha majirani anasimama mbele ya sheria kama mkosaji.

Yanayofuata mnayajua, ingawa sidhani kama huwa mnayahusisha na kipande hiki kifupi cha bomba. Watu wakichoka kuchanga, mmoja wao usiku hutoboa bomba mahali fulani juu ya palipoziba na kuyaelekeza maji kwenye mtaro wa barabarani. Kesho yake bafu ni kavu na mtaa umetulia. Lakini Nairobi, tofauti na baadhi ya miji ya kale ya Ulaya, ilijengewa mitaro ya mvua iliyotengana na mabomba ya majitaka. Kinachoingia kwenye mtaro hakipitii kiwanda chochote cha kusafisha, kinakwenda mtoni kama kilivyo. Mitambo ya Dandora iliyoko Ruai ilisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku, na ile ya Kariobangi 32,000, na fedha nyingi za umma pamoja na mikopo zimetumika na zinaendelea kutumika kulaza mabomba makuu kandokando ya mito ili majitaka yafike huko. Bomba kuu haliwezi kubeba kile ambacho hakikulifikia. Mto Nairobi ukiungana na mito ya Mathare na Ngong na kuingia katika Mto Athi, yale yaliyotobolewa nyuma ya nyumba zetu huanza safari ya kuelekea Bahari Hindi, na njiani kuna watu wanaoyanywesha mifugo na kumwagilia mboga. Jiji hili lilipambana na kipindupindu mwaka 2017, na likarudi katika mapambano hayo baada ya mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022. Kusafisha kingo za mto ni kazi njema, nami nawapongeza vijana wanaoifanya, ila chanzo cha uchafu mwingine kiko juu zaidi, kwenye vichochoro ambavyo hakuna kamera ya uzinduzi inayofika.

Sasa nije kwenye ninachopendekeza. Uingereza na Wales zilikuwa na tatizo linalofanana sana na letu: mabomba ya pamoja yaliyopita chini ya bustani za watu, ambayo kisheria yalikuwa ya wenye nyumba wote kwa pamoja, na ambayo wengi wao hawakujua kwamba ni yao hadi siku yalipoziba. Tarehe 1 Oktoba 2011 mabomba hayo yalihamishwa kwa mkupuo na kuwa mali na wajibu wa kampuni za majitaka. Mstari uliochorwa ni rahisi kuufuata: bomba linalohudumia nyumba moja, likiwa ndani ya mipaka ya nyumba hiyo, ni la mwenye nyumba, likivuka mpaka, au likianza kupokea maji ya jirani, ni la kampuni, hata kama liko chini ya ua wa mtu. Gharama iliongezwa kwenye bili za wateja wote. Katika miji mingi ya Marekani mstari umechorwa kinyume kabisa, na mwenye nyumba anamiliki bomba lake mpaka pale linapoungana na bomba kuu, hata likiwa chini ya lami ya barabara. Ni kanuni kali, nami nisingependa kuwa chini yake, lakini angalau mtu anaijua siku anaponunua nyumba, na anaweza kuweka akiba au bima. Sisi tumekosa vyote viwili, kwani bomba lina gharama za mali ya mtu na usumbufu wa mali ya umma.

Ninaloliomba ni la mfano ule wa kwanza, kwa kipimo kimoja: bomba lolote linalopokea maji ya ploti zaidi ya moja liwe la umma, bila kujali limepita wapi. Nimechagua kipimo cha kushirikiana badala ya kipimo cha mpaka kwa sababu ya watu ambao mipaka yao haimo kwenye ramani. Katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, eneo lililotangazwa na kaunti mwaka 2017 kuwa la mipango maalumu, mabomba membamba ya majitaka yanayopita kwenye vichochoro yamekuwa sehemu ya mpango, na huko ukiuliza ploti inaishia wapi utapewa majibu mengi na kesi mahakamani. Ukiuliza bomba hili linahudumia milango mingapi, utahesabu kwa macho na kumaliza.

Kwa majumba ya fleti jambo hili ni jepesi zaidi. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inawataka wenye fleti wawe na shirika lao la kusimamia sehemu za pamoja, na mabomba ya ndani ya kiwanja yanaingia humo. Kilimani na Kileleshwa, ambako nyumba moja yenye tangi lake la majitaka uani imegeuka jengo la ghorofa nyingi, shirika hilo litunze mabomba mpaka langoni na kaunti ianzie hapo. Sina zaidi la kusema juu yao.

Najua mtakavyonijibu, na baadhi ya majibu yenu ni ya haki. Mtasema kwamba mabomba haya yamechakaa, kwamba mengine yalilazwa na mafundi wa kuokoteza bila mteremko wa kutosha, na kwamba kuyapokea ni kupokea madeni ya watu wengine. Mtasema pia kwamba watu wamejenga juu yake. Hilo ni kweli, nami nimeona manholi ikiwa katikati ya jiko la mtu, imefunikwa kwa zulia la plastiki. Nyumba zilizokusudiwa familia moja zimepandishwa ghorofa nne au tano za vyumba vya kupangisha, na bomba la chini limebaki lile lile la inchi nne au sita lililowekwa wakati mtaa ulikuwa na watu wachache. Sensa ya 1979 ilihesabu watu 827,775 katika Nairobi nzima; ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Hakuna fundi wa kuzibua anayeweza kulishinda hesabu hilo kwa fito.

Hata hivyo, majengo hayo hayakuota usiku. Mengi yalipitishwa, michoro ikapigwa muhuri na ada ikapokelewa, na michoro hiyo ilitakiwa ionyeshe majitaka yatakwenda wapi. Yaliyojengwa bila kibali nayo yalijengwa mchana, mbele ya wakaguzi. Haitakuwa haki kaunti ipokee ada ya kupandisha ghorofa kisha mzigo wa maji ya ghorofa hizo ubaki kwa jirani wa mwisho. Aliyejenga juu ya bomba na alipishwe gharama ya kulihamisha, hilo siligombi, na apewe muda na notisi yenye jina lake. Mwenye jengo la vyumba vingi achangie zaidi ya mwenye nyumba ya familia moja. Wakaguzi wafuate pia mabomba ya paa yaliyoelekezwa kwenye manholi, kwa maana watu wengi wameyaelekeza maji ya mvua huko ili ua usijae, na ikinyesha kama ilivyonyesha Aprili na Mei 2024, bomba lililokusudiwa maji ya choo na jikoni hupewa kazi ya mto. Haya yote yanahitaji mtu mwenye mamlaka juu ya bomba. Mimi kama jirani sina mamlaka ya kuingia katika ua wa mwenzangu na kumwambia aondoe bomba lake la paa. Nikithubutu, tutaishia kituo cha polisi.

Kuhusu fedha, sitadai kwamba kazi hii itafanyika bure. Iwapo lazima mstari wa majitaka kwenye bili uongezeke, uongezeke kwa utaratibu wa kisheria wa kupitia upya ada, wananchi wakishirikishwa, na kile kilichoongezwa kiwekwe katika akaunti yake na kitolewe hesabu mtaa kwa mtaa. Tunachochanga sasa vichochoroni ni kodi vilevile, isipokuwa inalipwa na walio wepesi kulipa peke yao, haina risiti, na inarudiwa kila bomba linapoziba kwa sababu fundi huzibua bila kurekebisha bomba lililopasuka au kuzama. Nina imani kwamba mtu akihesabu anachotoa kwa mafundi, kwa malori ya kunyonya majitaka na kwa matibabu ya watoto wanaohara, ataona nyongeza ndogo ya bili kuwa nafuu, ingawa najua wapo watakaopinga na wana haki ya kusikilizwa, hasa wale ambao bomba bado halijawafikia.

Upokeaji wa mabomba haya haulazimiki kufanyika kwa siku moja kama ilivyokuwa Uingereza. Uanze na mabomba ya nyuma katika mitaa iliyojengwa kwa mpango, kwa kuwa michoro ya awali ilikuwepo na mstari wa bomba unaweza kufuatwa kutoka manholi hadi manholi. Kila manholi ipewe nambari na ipakwe rangi, ili anayepiga simu ataje nambari badala ya kusema “pale karibu na kibanda cha makaa”. Vifuniko viwe vya zege, kwa sababu vya chuma huishia kwa wauza chuma kikuukuu. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo nchi nzima, Mei ikaifungua tena, na mashimo yaliyo wazi yangali yanapokea taka na watoto. Anayetoa taarifa asiulizwe nambari ya akaunti, maana akaunti iko kwa jina la landilodi na mpangaji haijui. Zaidi ya hayo, pawe na amri ya dharura kwamba majitaka yakitokeza juu ya ardhi au ndani ya nyumba, afisi ya kwanza kupokea taarifa ndiyo itakayozibua, na mabishano juu ya nani alipe yafuate baadaye kati ya afisi na afisi, mwananchi akiwa amekwisha kulala pakavu.

Haya yanahitaji sheria ya bunge la kaunti, na ndiyo sababu nimewataja wawakilishi wadi mwanzoni. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira, na ya 42 inampa haki ya mazingira safi. Haki hizo zitabaki kwenye karatasi iwapo kati ya choo cha mtu na bomba la serikali patabaki hatua kadhaa zisizo na mwenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaturuhusu wakazi kuwasilisha ombi rasmi mbele ya bunge hilo, na ombi letu linaandaliwa kwa maneno yaliyo karibu sana na haya.

Wakati huo huo, kwa kutumia Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa afisa husika siku 21 za kujibu, naomba mambo mawili kwa maandishi. Kwanza, ramani ya mabomba ya majitaka ya wadi zetu za Eastlands jinsi yanavyojulikana kwenu leo, pamoja na mabomba ambayo hamuyatambui kuwa yenu. Pili, kauli iliyotiwa sahihi inayoeleza wajibu wa mwenye nyumba unaishia wapi na wenu unaanzia wapi, kwa nyumba iliyo katikati ya safu na bomba linalopita nyuma yake. Ramani ikiwa ni kubwa mno kutumwa kwa barua pepe, tutakuja kuichukua, na tutakuja na mafundi wetu wawili ambao wanayajua mabomba ambayo hayamo ndani yake, ili yachorwe papo hapo.

Wenu mwaminifu,
Katibu wa kamati ya wakazi,
Eastlands, Nairobi